Muhogo wa Siku Mbili

Ijumaa hiyo jua la Isebania lilikuwa linakimbia, au basi Gesare ndiye aliyekuwa anakimbizwa. Mwadventista yeyote anaijua saa hiyo: chakula cha kesho hakijaiva, nguo za kanisani hazijapigwa pasi, maji ya kuoga bado ni baridi, na Sabato iko mlangoni haitaki kusikia habari zako. Gesare alikuwa amesimama nyuma ya ploti waliyopanga, mbele ya mapipa mawili ya muhogo, mikono ikichuruzika maji hadi kwenye viwiko.

Alikuwa muuza unga, na wateja walimpenda kwa sababu unga wake ulikuwa mweupe na haukuwa na mchanga. Muhogo aliutoa ng'ambo ya mpaka, Sirare, ule mchungu wa mizizi minene. Muhogo huo hauna mchezo. Unaumenya, unauloweka siku nne mpaka ulegee, ndipo uchungu unatoka na mtu anaweza kuula. Kila Jumatatu Gesare aliloweka, Ijumaa akaopoa na kuanika, na Sabato yote jua likamkaushia yeye akiwa kanisani. "Jua halijabatizwa," alikuwa akiwaambia wanawake wa sokoni, nao walicheka kila mara kana kwamba ni jambo jipya.

Lakini wiki hiyo kulikuwa na matanga kwao Nyamira, akakaa siku mbili zaidi ya alizopanga, na muhogo ukaingia majini Jumatano jioni. Sasa ni Ijumaa jioni. Hiyo ni siku mbili, hata ukihesabu kwa ukarimu. Aliubonyeza kwa kidole gumba, kidole hakikuzama.

Mumewe Ogeto, fundi cherehani na mzee wa kanisa, alikuwa ameketi kwenye kizingiti akipaka viatu rangi.

"Mama Japheth, huo umelegea kweli?"

"Utamalizikia juani. Nikiuacha mpaka Jumapili, soko la Jumanne nitauza nini?"

Ogeto aliangalia muhogo, akaangalia jua. "Basi fanya haraka," akasema, akarudi kwenye viatu vyake. Gesare akaopoa, akavunjavunja, akaanika. Alipomaliza jua lilikuwa bado halijazama, akamshukuru Mungu.

*

Jumatatu unga ulitoka mashineni kabla ya saa tano, ukiwa bado na joto. Kilo ya kwanza Gesare hakuiuza. Alimpelekea Magokoro, kama alivyofanya mara nyingi.

Huyo Magokoro jina lake ni Bitutu, mjane wa Kikisii wa chumba namba tatu. Lakini ploti nzima, hata Wakuria, walimwita Magokoro, yaani bibi, kwa sababu ndivyo Liz alivyomwita. Liz alikuwa mtoto wa miaka minne wa Rispa na Mirumbe, Wakuria wa chumba namba tano. Rispa aliuza nyanya na parachichi pale mpakani, Mirumbe alikuwa wa bodaboda, na kila asubuhi mtoto aliachwa kwa Bitutu. Hakuna aliyemlipa kikongwe huyo hata siku moja, na angelipwa angeona ametukanwa. Alimfundisha mtoto kuhesabu vidole kwa Kikisii, na Liz akifika vidole vya mguu alikuwa anachanganyikiwa na kuanza upya, nao wanacheka mpaka jioni.

"Ubarikiwe, binti yangu," Bitutu alimwambia Gesare akipokea unga. "Leo huyu wangu atakula ugali mpaka achoke."

Na kweli alikula. Samaki hakukuwa, kulikuwa na sukuma tu, lakini mtoto alikuwa na njaa na akaomba tena. Saa nane alisema kichwa kinamuuma. Akatapika. Bitutu mwenyewe alijisikia kizunguzungu, akaenda akatapika kando ya ukuta, akarudi akakuta mtoto amelegea na pumzi inakuja kwa taabu. Alipiga kelele ambazo Gesare alizisikia akiwa kibandani kwake, ng'ambo ya barabara. Mirumbe alikuja na pikipiki, Rispa akapanda nyuma amempakata mtoto, wakaenda mbio hospitalini. Liz alikata roho kabla ya saa kumi.

Daktari aliuliza amekula nini. Ugali na sukuma. Nani alipika? Magokoro. Daktari akasema dalili zinaonyesha mtoto alikula kitu chenye sumu, kwamba watachukua vipimo vipelekwe mbali, na majibu yatachukua muda. Alisema maneno mengi mazuri huyo daktari, lakini Mirumbe alirudi nyumbani na neno moja tu, sumu.

*

Kesho yake asubuhi, ploti ikiwa tupu kwa sababu wote wameenda mochari, Gesare alifungua gunia lake, lililokuwa likingoja soko la siku hiyo. Alichota unga kidogo, akauweka ulimini. Akautema. Akaita mumewe, naye akaonja, akafuta mdomo kwa mkono wa shati.

Walibeba gunia pamoja, yeye huku, mume kule, wakalimwaga lote chooni. Kisha Ogeto akachukua ndoo akamwaga na maji juu yake.

"Majibu ya daktari hayajatoka," alisema. "Huenda ni kitu kingine kabisa. Tuombe."

Wakapiga magoti wakaomba. Gesare hakusikia hata neno moja la sala hiyo, ingawa mumewe ni mtu wa sala ndefu.

Liz alizikwa Alhamisi nyumbani kwao Mirumbe, upande wa Kehancha. Ijumaa vijana wa bodaboda walikuja na Mirumbe, wakaanza kutoa vitu vya Bitutu nje: godoro, sufuria, ndoo, Biblia yenye jalada la kitambaa. Hawakumpiga. Watu walisema hilo baadaye kana kwamba ni sifa.

"Ulimpa nini mtoto wangu?" Mirumbe aliuliza. Sauti ilikuwa imekauka. "Nakuuliza kwa heshima, mama. Ulimpa nini?"

"Nilipika tu, baba. Nilipika ugali."

"Na mbona yeye mwenyewe alitapika?" mwanamke mmoja wa nyuma akadakia. "Hiyo ni dawa imemgeukia! Msione amekaa kimya hivyo."

Rispa alikuwa mlangoni kwake, leso imefungwa kichwani, anatazama. Bitutu alizungusha macho uani mpaka akampata Gesare.

"Mama Japheth, wewe waambie. Si unajua ni unga tu? Waambie hawa watoto nilipika unga tu."

Watu wote wakamgeukia Gesare. Ilikuwa nafasi safi kabisa, iliyofunguliwa kwa mkono wa mwingine. Alichotakiwa ni kupita. Akasogea, akaokota Biblia ya kikongwe chini, akaipangusa vumbi.

"Magokoro," akasema kwa upole, "enda kwanza Oyugis kwa binti yako Dorah. Watu watulie."

Bitutu alimtazama kidogo. Halafu akaanza kufunga virago. Gesare alimsaidia kukunja godoro, akamsindikiza hadi barabarani, na watu wakasema, Mama Japheth ana roho nzuri jamani, kwa mchawi pia ana huruma.

*

Gesare akaacha kuuza unga, akasema mgongo unamsumbua. Sahani yake ilirudi jikoni imejaa. Ndugu wa kanisani walimletea maziwa na ndizi, wakidhani anamlilia mtoto wa jirani, na wakamsifu kwa hilo nalo.

Rispa ndiye aliyemmaliza. Alikuja kila siku baada ya saa tisa, kwa sababu ndiyo saa aliyokuwa akimchukua Liz, na hakujua aipeleke wapi. Aliketi kwenye kiti cha Ogeto, akashika kikombe bila kunywa.

"Mama Japheth, unajua mimi ndio mjinga. Mimi na mikono yangu nilikuwa nampeleka. Anakataa, analia, namwambia enda kwa Magokoro, nakuletea mandazi."

"Usijilaumu, Rispa."

"Nimlaumu nani? Yule mzee ashaenda. Usiku Mirumbe ananiuliza kwa nini sikuenda naye sokoni siku hiyo. Ananiuliza tu, hanigombezi. Heri angenigombeza."

"Kunywa chai, itapoa."

"Wewe tu ndio unanisaidia," Rispa akasema, na Gesare akainuka haraka akaenda jikoni kutafuta sukari ambayo ilikuwa tayari mezani.

Sabato ya tatu ilikuwa ya meza ya Bwana. Kabla ya mkate na divai, Waadventista hutawadhana miguu; wanaume upande wao, wanawake wao, wawili wawili, mmoja anapiga magoti mbele ya beseni na kuosha miguu ya mwenzake, kisha wanabadilishana na kuombeana. Gesare, shemasi, ndiye aliyepanga mabeseni. Kwa miaka mitano mwenzake alikuwa Bitutu. Miguu ya kikongwe huyo ilikuwa na nyufa za kisiginoni, na kila mara alikuwa akinong'ona, "Usisugue sana, binti, utafika mfupa."

Wanawake walishikana wawili wawili. Gesare akabaki na taulo mkononi. Mke wa Mchungaji Masese alimwona, akamvuta akamketisha, akampigia magoti, akashika mguu wake wa kulia na kuutia majini. Gesare aliuchomoa kwa nguvu hata beseni likapinduka.

"Dada, unaumwa?"

Alitoka, akapita katikati ya wanawake, akashika njia ya nyumbani peku, na viatu vyake akaviacha kanisani chini ya benchi.

*

"Viatu viko wapi?" Ogeto alimuuliza aliporudi, tai ingali shingoni.

"Nitasema, Baba Japheth."

Mumewe alielewa mara moja. Akafunga mlango. "Useme nini? Useme tuliopoa mapema kwa sababu ya Sabato? Unajua watakavyolipokea hilo? Watasema Sabato imeua mtoto. Hayo ndiyo yatakuwa mahubiri yao miaka kumi. Ngoja basi makambi ya kanisa yapite, mwezi wa nane, tutatafuta njia."

"Kwa nini useme ni Sabato?"

"Si tulikuwa tunailinda?"

"Sabato haikunituma nikae matangani siku mbili zaidi. Haikuniambia habari za soko la Jumanne. Ningeuacha muhogo ndani ya maji mpaka Jumapili, nani angekufa?" Alisikia alichokisema, akashika mdomo. Kisha akaendelea, polepole zaidi. "Nilibonyeza nikajua. Usimtie Mungu hapo. Ni mimi."

"Na ukifungwa? Japheth yuko kidato cha tatu, umemfikiria? Na mimi?"

"Nimewafikiria wiki tatu. Siwafikirii vizuri tena, Ogeto. Nikikuangalia nakuchukia, na hujanikosea kitu ila kubeba gunia."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu wapate mtoto. Ogeto aliketi kitandani, akaanza kufungua tai, akashindwa na fundo. Fundi mzima wa nguo.

*

Jumapili saa nne Gesare alivuka ua. Mirumbe alikuwa amechuchumaa akikaza mnyororo wa pikipiki, Rispa anaosha vyombo. Gesare hakuketi, ingawa Rispa alimsogezea kigoda.

"Unga aliopika Magokoro ulikuwa wangu," alisema. "Nilimpa mimi. Muhogo haukukaa majini siku zake, ulikaa mbili. Nilijua haujalegea nikauanika hivyo hivyo. Liz alipokufa niliuonja, ulikuwa mchungu, nikaumwaga chooni. Magokoro hakufanya kitu. Alipika tu, kama alivyowaambia, na mimi nilikuwa nimesimama pale."

Rispa alibaki ameshika sufuria, maji yanadondoka. Mirumbe aliinuka na spana mkononi. Mlango wa Ogeto ulifunguka, naye akatoka, akatembea mpaka katikati ya ua, akasimama hapo. Hakufika kwa mkewe wala hakurudi ndani.

"Wiki tatu," Mirumbe alisema. "Nimekunywa chai yako. Uliniletea uji matangani, nikakushukuru mbele ya wazee."

"Ndiyo."

"Ungesema siku ile! Siku ile tu! Mimi nimetupa godoro la mama mzee nje na mikono yangu. Umenifanya nini wewe? Mtoto umechukua, na mimi pia ukanigeuza nini?" Spana ikamwanguka. Akaketi chini kwenye mafuta machafu ya pikipiki, akalia kwa sauti, mwanaume mzima, na watu wa ploti wakatoka vyumbani wakasimama wakitazama kama siku ile.

Rispa hakulia. Alimwendea Gesare hadi karibu kabisa.

"Umemwambia Magokoro?"

"Bado. Nilitaka mjue kwanza nyinyi. Kesho naenda Oyugis, nikirudi naenda kwa chifu."

"Mimi sijakusamehe. Sijui kama nitaweza, usiningojee." Akavuta pumzi. "Lakini ukifika umwambie neno langu. Mwambie mimi nilisimama mlangoni nikaangalia. Nilikuwa namjua yule mama kuliko mtu yeyote hapa, na niliangalia tu. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze."

Ogeto alirudi ndani. Lakini asubuhi, Gesare alipoamka, alikuta viatu vyake vya kanisani vimewekwa kando ya mlango. Mumewe alikuwa ameenda kuvichukua, na alikuwa amegeukia ukutani akijifanya amelala.

*

Oyugis soko lilikuwa limechangamka, na Gesare akashangaa kusikia njaa. Alinunua chapati moja akaila yote amesimama. Hakuwa na furaha, huo ungekuwa uongo. Lakini kitu fulani kilichokuwa kimekaa juu ya tumbo lake wiki tatu kilikuwa kimeondoka, na chapati ilikuwa na ladha ya chapati.

Dorah, binti ya Bitutu, alikuwa ameolewa na Mjaluo aitwaye Jared, na nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko. Alimpokea Gesare langoni, mtoto mgongoni.

"Afadhali umekuja. Labda wewe atakusikia. Hashiki kitu. Hapiki, haoshi, chakula namlisha mimi. Mtoto akimkaribia, yeye ndiye anakimbia. Anasema mikono yake si mizuri."

Bitutu alikuwa ameketi kivulini kando ya nyumba, amepungua, mikono ameifungia ndani ya leso kama mtu anayesikia baridi. Gesare aliketi chini mbele yake, akamwambia yote kwa Kikisii, kuanzia pipa mpaka chooni. Hakulia, kwa sababu alikuwa amejiapiza kwamba hatamfanya kikongwe amfariji.

Bitutu aliikaza leso mikononi.

"Nilidhani ni sufuria," akasema. "Nilikuwa nimesugua sufuria masizi yakabaki. Halafu nikasema hapana, ni maji, sikuyachemsha. Halafu nikasema labda ni kweli, kuna watu wanakuwa nacho kitu mwilini bila kujua, labda mimi ni mmoja wao. Kila siku naupika ule ugali upya kichwani, natafuta nilikosea wapi."

"Hukukosea, Magokoro."

"Na nilikuuliza. Mbele ya watu nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ulikuja kutafuta msamaha?"

"Nilikuja kukuambia si wewe. Na Rispa amenipa neno. Amesema alisimama mlangoni akaangalia. Amesema alikuwa anakujua kuliko mtu yeyote hapo, na aliangalia tu."

Hapo uso wa kikongwe ukabadilika. Si kwa sababu ya Gesare. Gesare alikuwa kama hayupo.

"Mama Liz amesema hivyo?"

"Ndiyo, hivyo hivyo."

Mikono ikatoka ndani ya leso, taratibu, yote miwili. Bitutu akaitazama. "Mimi sikumlilia mtoto yule," akasema. "Miaka mitatu analala mgongoni mwangu, akafa, nikakatazwa hata kufika kaburini. Mchawi analia nini? Ningelia wangesema naigiza." Akaitia mikono kichwani, akafungua kinywa, akapiga ukemi, ule wa Kikisii wa kufiwa, mrefu, unaoanzia chini kabisa, akaita jina la Liz, akaita tena.

Kwa Wajaluo kilio hakipiti hivi hivi. Majirani wakaanza kuingia langoni mmoja mmoja, mwingine na unga mikononi, mwingine ameacha moto. "Ng'a ma otho?" wakamuuliza Dorah. Nani amekufa?

Dorah alimtazama mama yake, kisha akamtazama Gesare pale chini.

"Mjukuu wake," akasema. "Aliitwa Liz."

Wanawake hawakuuliza zaidi. Walivua viatu, wakaketi chini kumzunguka kikongwe, wakaanza kulia naye mtoto wasiyemjua. Gesare alijivuta nyuma mpaka ukutani, asijue kama ana haki ya kulia nao. Mwanamke mmoja mnene akasogea, akamwachia nafasi kando yake, na Gesare akaketi, akalia.